Karanga Bila Nyongeza

Ninaponunua kitu kinachopimwa kwa kikombe, siangalii kikombe kikijazwa. Naangalia kitako chake. Nimeuza na kununua hapa Moshi miaka ya kutosha kujua kwamba juu ya kikombe ndiko muuzaji anakotaka macho yako yakae, pale anaporundika, anaporundika tena, kisha anaacha mbili tatu ziporomoke uone alivyo mkarimu. Kazi yenyewe imeshafanyika chini. Mtu amekigonga kitako kwa mchi mpaka kikaingia ndani, na lile shimo unalinunua kila siku ukidhani ni chakula.

Kwa mtu mwenye macho kama yangu, ni aibu kukiri kwamba nilikula karanga za mae miaka miwili kabla sijakitazama kikombe chake.

Mae ni jirani yangu. Tunapanga nyumba moja Majengo, vyumba sita kuuzunguka ua mmoja wenye bomba moja. Mimi nauza nguo za watoto za mitumba, yeye anachemsha karanga. Ni mjane, umri wake ni wa kuamkiwa shikamoo na kila mtu pale uani, na kwao ni Mwika, juu mlimani. Watu wa huko humwita mae, ambayo kwa Kichagga ni kama kusema mama na kuinamisha kichwa kidogo, nasi wengine tukaliokota hapo hapo. Mimi ni Mpare. Mpare na Mchagga ni watani, kwa hiyo tunaruhusiwa kuambiana ukweli bila kununiana.

"Marahaba. Leo unahesabu nini, Mpare?" Hiyo ndiyo salamu yake ya asubuhi.

"Nahesabu ndoo zako, mae. Umechota nne."

"Tano. Moja ulikuwa bado umelala."

Zamani nilidhani kuchemsha karanga ni kuchemsha karanga: maji, moto, chumvi, basi. Nilikuja kujua si hivyo kwa sababu dirisha langu linatazama jiko lake. Msimu ukifika, mvua za masika zikishapita, karanga mbichi hupanda mjini kutoka tambarare zikiwa kwenye viroba, na udongo bado umezing'ang'ania. Mae huzifikicha kwenye maji mara nne. Maji ya kwanza hutoka rangi ya kakao, ya nne unaweza kunawia uso. Kisha huzitia kwenye sufuria kubwa isiyo na mikono, anafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto kidogo lisipasuke, juu yake mfuniko, juu ya mfuniko jiwe. Chumvi haitii mwanzoni. Anasubiri ganda lilegee kwanza, maana kwa maelezo yake chumvi ikiwahi, ganda linakasirika na kujifunga.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba moto ukizimwa, kazi haijaisha. Huziacha ndani ya maji yale yale ya chumvi, saa nzima na zaidi. Siku moja nilifunua mfuniko nikaona nyingine zinaelea na nyingine zimezama.

"Zinazoelea ni mbovu?" niliuliza.

"Bado hazijanywa. Zikishiba zinazama zenyewe. Funika, unazitolea joto."

Tangu siku hiyo, nikinunua karanga za kuchemsha popote, hata Himo nikisubiri gari, huwa naibinya moja kwanza. Ikitoa maji ya chumvi, ilishiba. Ikitoa hewa, muuzaji alikuwa na haraka.

Saa tano asubuhi mae huibeba sufuria mpaka kwenye baraza la duka moja lililofungwa, anaketi kwenye kigoda, anaanza kuuza. Kikombe kimoja shilingi mia tano, kwenye karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa kama pembe. Nimewahi kula karanga kwenye hesabu za kugawanya za mtoto wa darasa la nne. Saba kati ya kumi alikuwa amekosa. Nilizirekebisha kwa kalamu kabla ya kutupa karatasi, sijui kwa faida ya nani.

Basi mwaka huu, msimu ulipoanza, akatokea baba mmoja kutoka Himo na mkokoteni. Aliegesha ng'ambo ya barabara, akafungua mwavuli mkubwa wa rangi mbili, akaanza kuita. Naye anauza karanga za kuchemsha, bei ile ile. Sina neno baya juu yake. Ni mtu mchangamfu, kila mwanamume kwake ni mangi, yaani chifu, na kila mwanamke ni bosi. Ila alikuja na kitu ambacho mae hajawahi kuwa nacho. Akishakupimia, anachota tena kwa vidole, anadondosha juu ya pembe yako na kusema kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, "Na nyongeza yako, bosi wangu!"

Mae hatoi nyongeza. Ukimwomba anakutazama kana kwamba hujaamka vizuri, anasema, "Hakuna," kisha anageukia anayefuata. Mwaka jana hilo halikuwa tatizo, kwa sababu hapakuwa na wa kumlinganisha naye. Mwaka huu, kufikia Agosti mwanzoni, sufuria ilikuwa inarudi nyumbani nusu.

Karanga za kuchemsha hazilali. Za kukaanga unaweza kuziweka hata mwezi. Hizi zikifika asubuhi zina utelezi na harufu ya kuchacha. Mae hakubali kuzichemsha upya, kama wafanyavyo wengine. Kwa hiyo jioni huzimenya, akazitwanga, akatugawia. Wiki zile uani kwetu karanga iliingia kwenye mchicha, kwenye ndizi, kwenye uji, na mara moja kwenye maharage, ambako haikupapenda. Tulikuwa tunanenepa sote, na hakuna aliyethubutu kushangilia.

Maana tulijua kilichokuwa kinaning'inia. Mae ana mtoto wa kiume, kitindamimba wake, aliyebaki Mwika kwenye kihamba, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Kwa mila za kwao, mtoto wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya baba, na mama ni mzigo wake wa heshima. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, ana nyumba ya bati jipya, na ana mama anayekaa barazani mjini kuuza karanga. Huko juu watu wanamuuliza kanisani. Wanauliza kwa upole, na ndiyo sababu inamuuma.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti alishuka mjini kuleta ndizi sokoni, akapita kumsalimu mama yake. Alifunua sufuria kabla ya kukaa.

"Mama, wateja wenyewe wamekwambia upumzike."

"Wameniambia lini? Mimi sijawasikia."

"Hizi hapa ndizo zinasema." Alikuwa ameshika karanga mkononi. "Tufanye hivi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nakuja na gari. Nikikuta sufuria tupu, narudi nalo, na sitasema tena neno. Nikikuta karanga, tunapakia kitanda, unapanda nyumbani."

"Sawa," alisema mae.

Nilikuwa naanika nguo pale uani, na nilishtuka kuliko alivyoshtuka mwanawe. Sawa! Hakuomba hata siku moja zaidi! Mtu amekutajia Agosti na wewe huanzi na Desemba?

Alipoondoka nilimfuata. "Mae, hivyo ndivyo watu wanavyokubali mambo kwenu? Ungemwambia Krismasi, akasema Septemba, mkakutana Novemba."

"Ni mwanangu. Nipatane naye kama natafuta shuka?"

"Kwani kupanda ni kubaya? Ana nyumba nzuri."

Alimenya karanga mbili tatu. Kisha akasema, "Kule kuna mkwe. Mkwe mzuri sana. Jiko ni lake. Nikiinuka kushika mwiko, 'Kaa, mama.' Nikichukua ndoo, 'Kaa, mama.' Nikienda kumkatia ng'ombe majani, mtoto anatumwa mbio, 'Bibi, umeambiwa ukae.' Nilikaa wiki mbili wakati wa Pasaka. Niliporudi hapa mguu wangu wa kushoto ulikuwa umesahau kutembea."

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza kuniwasha kweli. Nilitaka kujua kwa nini watu wenye akili timamu wanavuka barabara yenye bodaboda kwenda kununua kitu kile kile, kwa bei ile ile. Kesho yake Jumapili hakuna aliyeuza. Jumatatu mchana nilinunua kikombe kimoja kwa mae na kimoja kwa baba wa mkokoteni. Nilifika chumbani nikatandika kanga kitandani, nikamwaga fungu huku na fungu kule, nikaanza kuhesabu, kwa ganda, si kwa punje.

Za mkokoteni zilikuwa arobaini na sita, na nyongeza saba. Hamsini na tatu. Nikahesabu mara ya pili, hamsini na tatu.

Za mae, sitini na moja. Mara ya pili, sitini na moja.

Nikahesabu mara ya tatu, jambo ambalo si kawaida yangu, kwa sababu sipendi hesabu inayotoka ikionyesha mtaa mzima ni wajinga na mimi nikiwemo. Sitini na moja. Yaani yule asiyetoa nyongeza alikuwa anampita mwenye nyongeza kwa karanga nane, na watu walikuwa wanamkimbia kwa sababu ya uchoyo.

Jioni nilimvizia akiosha vyombo bombani. Nilikiokota kikombe chake, cha bati la rangi nyeupe kilichobanduka ukingoni, nikakiweka kwenye saruji. Kikayumba, kikaanguka upande. Nikakisimamisha. Kikaanguka tena. Nikakigeuza. Kitako kilikuwa kimetuna kwenda nje, duara kama kisigino cha mtoto.

"Mae. Hiki kimetokezwa."

"Nilikitokeza mwenyewe. Kwa mchi, kutoka ndani."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?" Swali lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Maishani nimeona vikombe vya kila namna, sijawahi kuona kimoja kilichogongwa kwa hasara ya mwenyewe.

Aliifuta mikono kwenye kitenge, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akanieleza kwamba alipoolewa, mama mkwe wake alikuwa akishuka naye mashamba ya chini kuvuna, na siku za soko wakichemsha karanga na kuziuza pale pale. Kikombe cha mama mkwe kilikuwa kimebonyezwa, kama vya wote. Na nyongeza alitoa, kama wote. Siku moja alikuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akanunua, akaomba nyongeza, akapewa tatu. Akaomba tena, akapewa mbili. Yule mwanamke akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema aika, aika mae, yaani asante mama.

"Na mimi nilikuwa nimekigonga kile kikombe mwenyewe asubuhi," alisema mae. "Nilitumwa nikigonge zaidi. Nilijua ndani ya lile shimo kulikuwa na karanga zake kama kumi. Tumemrudishia tano, na yeye anatupigia goti. Kupunja hakukunipa aibu, maana soko zima lilipunja. Kushukuriwa ndiko kulikonipa aibu. Nilitamani ardhi inimeze."

"Kwa hiyo nyongeza yako iko ndani ya kikombe."

"Iko ndani. Asiniombe, asinipigie goti, achukue aende."

"Lakini hawajui, mae!"

"Tumbo linajua."

Tumbo la nani, nilitaka kuuliza, wakati matumbo yote yako ng'ambo ya barabara. Nikamwekea mpango ambao hata sasa naamini ulikuwa safi. Achote pungufu kidogo, aache nane, kisha achukue zile nane aziweke juu na kusema nyongeza. Mteja anapata sitini na moja, yeye anatoa sitini na moja. Hakuna aliyepunjwa, hakuna aliyepoteza.

"Karanga ni zile zile," nilisema.

"Ni zile zile. Ila atanishukuru."

"Mimi nimeshukuriwa miaka kumi na tano kwa mashati yenye kifungo kimoja pungufu, na sijawahi kuumwa."

"Wewe ni Mpare," alisema, na mjadala ukawa umefungwa.

Siku zikapita, sufuria ikizidi kurudi nusu, zikabaki siku kumi hivi kabla ya gari kuja. Nikaamua kama yeye hataki kusema, hesabu itasema. Alhamisi mchana niliziacha nguo zangu kwa jirani wa meza, nikaja barazani na masinia mawili. Nikamwita fundi viatu anayeshona pale pembeni, nikamwita na dada wa saluni ya jirani, watu wawili ambao kila siku hununua ng'ambo. Nikavuka barabara nikamwalika na baba wa mkokoteni, maana sikutaka isemwe nimemsengenya.

"Hesabu, bosi wangu," alisema kwa furaha kabisa. "Mimi siogopi namba." Akapima kikombe, akaongeza nyongeza yake, akaja nazo mwenyewe.

Nami nikanunua kikombe kimoja kwa mae. Fundi viatu alipewa sinia la mae, dada wa saluni la mkokoteni. Watu walianza kusimama. Wakahesabu kwa sauti, wakagongana, wakaanza upya. Dada akatangaza hamsini na tatu. Nikajisikia vizuri. Fundi viatu akatangaza hamsini.

"Haiwezekani," nilisema.

"Mama mtumba, mimi nimesoma. Hamsini."

"Fungua mdomo."

Alikuwa anatafuna. Nikatazama chini ya kiti chake cha kushonea nikaona maganda. Niliyaokota mbele ya watu wote nikayahesabu, kumi na moja. Watu walicheka mpaka mmoja akaegemea bodaboda ya mwenzake. Hamsini na kumi na moja ni sitini na moja, nikapaza sauti, na hakuna nyongeza hapo, hicho ni kikombe tu!

"Kumbe!" alisema dada wa saluni. Alionekana ameguswa kwa dhati. Akafikicha mikono kuondoa chumvi, akafungua pochi yake, akavuka barabara, akanunua kwenye mkokoteni.

Nilimngoja arudi. "Dada, si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Mae ana nyingi. Lakini yule ananiongeza."

Hata sasa nikilikumbuka jibu lile huwa naligeuza huku na huku kama shati lenye kasoro nisiyoiona. Na mambo hayakuishia hapo. Dakika kumi baadaye baba wa mkokoteni alikuwa anaita, "Karanga zilizohesabiwa hadharani! Hamsini na tatu, na mashahidi wapo!" Kufikia saa tisa alikuwa amemaliza. Kwa akili yangu nyingi nilikuwa nimemtangazia biashara bila malipo.

Jioni nilirudi uani nikiwa sina uso. Mae alikuwa amekaa mbele ya sufuria yenye karanga zaidi ya nusu, na alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"'Fungua mdomo,'" alisema, akaanza tena kucheka. Kisha akajifuta machozi. Akaniuliza, "Alikula ngapi, yule fundi?"

"Kumi na moja."

"Na yule dada, za mkokoteni, alikula ngapi?"

Ni mara ya kwanza kwa mae kuniomba hesabu yoyote, na nilikuwa nayo. "Sikuona amekula hata moja. Mwishoni fundi viatu alionja mbili akaziacha."

"Haya," alisema. Akaanza kumenya. Mimi kwa aibu sikuchimba.

Jumamosi ya mwisho ilifika. Mae alijaza sufuria mpaka jani la mgomba likainuka, kama siku yoyote ya msimu mzuri. Nilimwambia achemshe nusu, sharti lilikuwa sufuria tupu na hakuna aliyetaja imeanza na ngapi. Alinitazama kwa huruma. Saa tano akaenda barazani, na sikuweza kukaa kwenye meza yangu. Saa sita nilifunga, nikaenda kukaa karibu naye, nikijifanya napumzisha miguu.

Alikuwa amekuja na sinia. Alilijaza karanga, akaliweka mbele yake mahali ambapo mtu anayepita angejikwaa. Akapita mwalimu mmoja mstaafu mwenye gazeti kwapani.

"Baba, samahani. Hebu nisaidie kuhesabu hizi, macho yangu siku hizi."

Macho yake! Mae anaona sarafu ya mia ng'ambo ya barabara na kukwambia iko upande wa kichwa au wa mnyama. Lakini mwalimu hakujua. Alichuchumaa, akaanza, moja, mbili, tatu. Kufika ishirini mkono wake wa kushoto ulikuwa umemenya moja bila yeye kuuagiza. Kufika thelathini alikuwa anakula waziwazi.

"Nimepotea hapo katikati," alisema.

"Pole. Anza tena tu, baba, sina haraka."

Akapita dereva wa bodaboda akasema mzee anakosea, akachuchumaa naye. Wakabishana. Yupo aliyesema zihesabiwe mbili mbili, yupo aliyesema zipangwe kumi kumi. Wanawake wawili waliotoka sokoni wakasimama kuwaonyesha wanaume namna ya kuhesabu. Kila mmoja alikuwa anatafuna. Hakuna aliyepata jibu. Sinia lilikwisha, mae akalijaza tena bila kusema, akamwambia mwalimu, "Aika mbe, asante bwana, umenisaidia sana." Mwalimu akasimama, akajinyoosha, akatoa shilingi elfu moja. "Nipimie viwili. Hizi zimeiva."

Ikawa hivyo mchana kutwa. Mtu anaitwa kuhesabu, anahesabu vibaya, anashukuriwa, ananunua. Wengine walinunua kabla ya kumaliza ubishi wasije wakapoteza nafasi. Fundi viatu alikuja akiwa ameziba mdomo kwa mkono, akapita katikati ya kicheko, akanunua kikombe. Mimi nilikuwa naumia. Kwa kukadiria nilivyoona, sinia lilijazwa mara nne, na lililoliwa pale lilishinda nyongeza yoyote ambayo mtu mwenye akili angetoa.

"Mae," nilimnong'oneza, "nane kwa kila mteja zingekugharimu kidogo kuliko hivi."

"Hii siyo nyongeza. Kuna aliyeomba?"

"Hakuna."

"Nani anamshukuru nani?"

Niliwatazama wale waliochuchumaa. Wao walikuwa wanamfanyia kazi, yeye ndiye alikuwa anasema aika. Goti halikupigwa na mtu.

Saa kumi na moja ilipita. Sufuria ilikuwa na karanga za kikombe kimoja cha mwisho zinazunguka kwenye maji ya chumvi, na barabara ilikuwa imepungua watu. Nikatia mkono kwenye mfuko wa gauni.

"Usithubutu," alisema mae bila kugeuka. "Ukinunua wewe nitamwambia."

Nikatoa mkono. Gari dogo jeupe lenye kichanja nyuma lilitokeza upande wa chini, likaanza kutafuta mahali pa kusimama. Dereva sikumjua, ila pembeni yake alikaa mtoto wa mae, na kamba ya katani ya kufungia kitanda mapajani. Nikaitazama ng'ambo. Baba wa mkokoteni alikuwa amekwishafunga mwavuli wake. Akatuangalia kidogo, akavuka.

"Mae, leo umenitesa. Nimekaa pale tangu asubuhi nasikia watu wanahesabu hadi kichwa kinaniuma. Nipimie na mimi nijue ni nini."

Mae akachota, akakung'uta maji, akakunja karatasi. Kikombe hakikujaa mpaka juu kabisa kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndizo zilikuwa zimebaki. Aliliona hilo, akamrudishia shilingi mia. Yule baba alipokea pembe yake, akaishika mkononi akisubiri, kama mtu aliyezoea.

"Na nyongeza?"

Mwalimu, ambaye alikuwa amerudi tu kuhakikisha jambo fulani kuhusu kumi kumi, akaacha kutafuna.

"Hakuna," alisema mae.

Baba wa mkokoteni alicheka, akamenya moja, akala. Akamenya ya pili akiwa ameacha kucheka. Akaondoka taratibu akiibinya ya tatu kwa vidole viwili, akitazama maji yakitoka.

Mtoto wa mae alifika barazani kamba ikiwa begani. Alitusalimu wote vizuri, shikamoo kwa mwalimu, habari dada kwangu. Kisha akafunua sufuria. Akainama. Akatia mkono mpaka chini, akaupitisha kwenye maji yale ya chumvi, akautoa na ganda moja tupu.

"Zimeisha?"

"Umeona."

"Uligawa?" Akanigeukia mimi. "Au ni huyu dada amenunua zilizobaki?"

"Huyu Mpare?" alisema mae. "Anunue?"

Sijawahi kutukanwa na kuokolewa kwa neno moja. Mwalimu alithibitisha kwa kichwa. Kijana mwenyewe akakaa kwenye ukingo wa baraza, akaipanga ile kamba juu ya magoti yake, pande mbili zilingane. Nadhani alikuwa anafikiria Jumapili, watu wa kanisani, na swali lao la upole.

"Waambie nimekataa," mama yake alimwambia taratibu. "Waambie ni mkaidi. Hilo wanalijua tangu zamani, hawatakuona wewe vibaya."

"Mkwe wako amekuandalia kitanda."

"Nitakilalia Krismasi. Na mwambie nitapika mimi. Siku moja tu, aniachie jiko."

Kijana akaikunja kamba. "Siku mbili," alisema.

Nikaona kwamba kumbe kupatana wanajua, walikuwa wanangoja wawe na jambo la kupatania.

"Tatizo ni gari," alisema kijana akisimama. "Nimeshalilipia kwenda na kurudi."

"Linapanda tupu?" niliuliza.

Wote wakanigeukia. Lakini Jumatatu ni siku ya soko kule juu, na nilikuwa na viroba viwili vya masweta ya watoto ambavyo huku chini hakuna anayeviangalia. Kule Mwika asubuhi ni baridi, na nauli ya mzigo ni pesa ninayoichukia kuliko zote. Nilimweleza kijana kwamba kiroba hakina uzito wa kitanda, na kwamba viwili havifiki hata nusu yake, nimevipima.

"Mpakie na mwenyewe," mae alimwambia mwanawe. Alikuwa amekwishaanza kuisugua sufuria kwa mchanga. "Mpeleke akamhesabie mkeo ng'ombe. Hapa ananichosha."

Nilipanda mbele, katikati ya dereva na kijana, kamba ikiwa miguuni. Masweta yaliuzika yote isipokuwa manne. Niliporudi Jumanne asubuhi, jani la mgomba lilikuwa juu ya sufuria, jiwe juu ya mfuniko, na mae alikuwa amechota ndoo tatu.